Hukupelekwa vitani, lakini ulitumikia

Ndugu yangu, umesema ulivaa sare miaka kadhaa, ukasimamia ghala la vipuri kambini, ukastaafu bila kupelekwa vitani hata mara moja, na sasa wenzako wakianza kusimulia ya uwanja wa mapambano unatafuta sababu ya kuondoka.

Nikuulize: nani alipanga kikosi gani kiende? Si wewe. Ulipokula kiapo ulijiweka chini ya amri, na ingekuja usiku wowote ungebeba mkoba ukaondoka. Haikuja. Huo ulikuwa uamuzi wa wakubwa, si woga wako.

Halafu hilo ghala unalolitaja kwa haya. Katika majeshi ya sasa mafundi, madereva, matabibu, watu wa mawasiliano na wa ugavi kwa kawaida ni wengi kuliko wanaofyatua risasi. Gari la deraya lisilo na kipuri halitoki getini. Hao wasimulizi walikwenda na vifaa ambavyo mtu fulani alivikagua na kuvihesabu. (Mafunzo nayo huua na kulemaza, ingawa wasiowahi kukaa kambini hudhani ni mapumziko.)

Ila usitie chumvi ili ulingane nao. Ukiulizwa, sema tu: "Nilikuwa ugavi, sikupelekwa." Kisha baki kitini usikilize.

Aibu hiyo ikikunyima usingizi, tafuta mshauri nasaha anayeyajua maisha ya jeshi. Huhitaji kovu la vita ndipo umwone.