Kabla kontena lako halijapanda SGR

Mtu anayeniuliza kama kontena lake litoke Mombasa lije Nairobi kwa treni ya reli ya kisasa (SGR) au kwa lori huwa na bei mbili mkononi, akitaka nimchagulie iliyo nafuu. Mimi humwomba kwanza BL, yaani hati ya shehena inayotolewa na kampuni ya meli. Nauli unaijua mapema. Kinachokutoa jasho ni siku, na siku za kontena moja huhesabiwa na watu tofauti.

Wenye meli huhesabu mpaka kontena lao liwarudie tupu. Bandari huhesabu siku mzigo unapokalia uwanja wake, uwe Mombasa au bandari kavu ya Embakasi, Nairobi. Forodha nayo hutaka hati zako ndani ya siku 21 tangu meli ianze kushusha. Treni ikichelewa, usitarajie yeyote kati yao aache kuhesabu. Kontena langu moja la vigae liliwahi kukaa Mombasa likisubiri behewa, na kampuni ya meli ikaniletea ankara ya kukawia nalo ilhali sijalitia hata machoni. Nikaambiwa nisome mkataba. Nikausoma, na kweli imo.

Kwa hivyo zungumza na wenye meli kabla mzigo haujapakiwa huko unakotoka. Siku za bure, yaani za kukaa na kontena bila kutozwa, zinaongezeka ukiomba wakati wa kubuku nafasi melini. Meli ikishatia nanga utaomba hadi uchoke. Jibu lao lije kwa barua pepe, na liseme wazi siku zinaanza kuhesabiwa wapi: Mombasa au Embakasi. Kisha angalia BL inataja mwisho wa safari ni wapi. Ikiwa ni Nairobi, wenye meli ndio wanaoshughulikia reli. Ikiwa ni Mombasa, safari ya bara ni juu yako, na uulize mapema kontena tupu litarudishwa wapi, maana kulipia lori likateremke na sanduku tupu hadi Pwani kunauma.

Mwaka 2019, serikali ilipotaka mizigo ya Nairobi ipande reli kwa lazima, ushauri wa kuchagua treni au lori usingekuwa na kazi. Septemba 2022 Rais Ruto aliagiza shughuli za kutoa mizigo zirudishwe Mombasa, basi sasa unachagua. Mzigo mzito usio na haraka mimi huupandisha treni. Bidhaa za Krismasi au za kufungua shule huzitia kwenye lori bila kujiuliza. Na ukilinganisha bei, ongeza lori la kutoka Embakasi hadi godauni lako, ambalo wengi hulisahau.

(Ushuru wa maendeleo ya reli, ulioanza 2013, unaulipa hata mzigo ukija kwa lori. Ndiyo maana sioni haya kuidai reli huduma nzuri.)

Wakala wako aingize hati forodhani meli ikiwa bado baharini, ili treni ikifika Embakasi kazi iliyobaki iwe kukagua na kutoa. Wewe mwenyewe andika tarehe tatu: kontena lilishushwa lini, likapandishwa behewani lini, likafika lini. Ada ya uhifadhi inaweza kuombewa msamaha kwa maandishi. Mimi nilipunguziwa kwa barua ya ukurasa mmoja yenye tarehe hizo. Jirani yangu wa Kamukunji, aliyepeleka malalamiko matupu, alilipa ada yote.