Mteja Akikuita Dada: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Nimeusoma ujumbe wako wa jana. Mteja wako wa ushauri nasaha, mjane uliyeanza naye vikao mwezi wa tatu, siku hizi anakuita dada. Amekuingiza kwenye grupu la WhatsApp la kuchangia karo ya mwanawe bila kukuuliza, anataka uketi na jamaa siku ya mahari ya bintiye, na usiku hukuandikia hadi saa sita. Unaniuliza: "Mama, wewe ndiwe uliyetufundisha kwamba anayebisha hodi harudishwi. Nikimkatalia, si nitakuwa nimemtupa?"

Hutakuwa umemtupa. Toka kwenye grupu, usiende kwenye mahari, na ujumbe wa saa sita ujibu asubuhi kazi ikianza. Nayasema haya bila kusita, ingawa naujua moyo wako, na najua kwamba hapa kwetu anayesema "mimi na wewe ni kazi tu" huonekana hana utu.

Unakumbuka nilivyohudumu miaka mingi kwenye wadi za wagonjwa wa akili. Tulikuwa na muuguzi mwenzetu aliyetushinda sote kwa huruma. Kijana mmoja aliporuhusiwa kwenda nyumbani, muuguzi huyo alimlipia kodi ya chumba na kumpa nauli ya kuja kliniki. Kijana akawa anamwita mama. Kila siku ya kliniki alifika amenyoa, shati limepigwa pasi, anatabasamu: "Niko sawa, mama." Kumbe dawa alikuwa ameziacha kitambo. Zilimtetemesha mikono na kumnenepesha, jambo ambalo angemweleza muuguzi mwingine yeyote na dozi ikabadilishwa. Lakini angeanzaje kumwambia mtu anayemlipia nyumba kwamba vidonge anavitupa? Jamaa zake walipomrudisha wadini, mikono imefungwa kwa leso, nilimuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Sikutaka kumvunja moyo."

Hilo ndilo ninalolihofia kwako. Fadhili huacha deni hata pale aliyetoa hadai chochote, na mwenye deni huchagua maneno. Huyu mama amefiwa. Bila shaka ana uchungu na wakwe, huenda ana hasira na marehemu mwenyewe, na ipo siku atakuja na hasira juu yako pia. Siku hiyo ni muhimu kuliko zote, kwa sababu kwingine kote inambidi awe mjane mwema asiyelalamika. Ukishachanga karo na kula pilau ya mahari, atakosa mahali pa kukasirikia. Nawe, ukitaka kumgusia kwamba pengine anamharakisha binti aolewe ili nyumba isiwe na kilio, utaanzia wapi baada ya kukaa meza kuu?

Basi akikuita dada, usimkemee. Muulize kikaoni huyo dada ni nani kwake, na tangu lini amemkosa. Zaidi ya miaka mia iliyopita Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha uchanganuzi wa nafsi, aliandika kwamba mgonjwa humhamishia tabibu mapenzi na machungu aliyokuwa nayo kwa watu wake wa zamani. Mengi ya Freud sikubaliani nayo, lakini hili nimeliona wadini kwa macho yangu. Jina hilo la dada ni sehemu ya kazi aliyokuletea.

Lakini usigeuke ukuta. Mwaka 1993 madaktari wawili wa akili wa Marekani, Thomas Gutheil na Glen Gabbard, walitofautisha kuvuka mpaka kidogo, jambo ambalo laweza hata kumsaidia mteja, na kuuvunja mpaka kwa namna inayomdhuru. Akikuletea maparachichi mawili ya shambani kwao, pokea, shukuru, andika kwenye faili. Akituma pesa "ya chai" juu ya ada, rudisha siku hiyo hiyo, na ada yenyewe ipite kwenye namba ya Till ya ofisi, isiingie kwenye simu yako. Akifiwa tena, unaweza kufika mazikoni kwa muda mfupi akitaka mwenyewe, baada ya kushauriana na msimamizi wako. Mahari ni tofauti: utaulizwa mlijuanaje, na mmoja wenu itabidi aseme uongo.

Mapenzi sihitaji kuyaeleza kwa kirefu. Ni marufuku, na hata baada ya vikao kwisha. Kanuni za chama cha wanasaikolojia wa Marekani huweka angalau miaka 2, na hata hapo kwa nadra mno. Mimi ningesema kamwe.

Jambo jingine hukuliuliza, lakini lazima niliseme. Umefanya vyema kutonitajia jina lake. Ila ulitaja soko anakouza, bidhaa, na ugonjwa uliomuua mumewe. Nairobi ina mamilioni ya watu, lakini anayenunua mitumba Gikomba na anayesali na jirani yako wanaweza kuwa mtu mmoja. Nikienda sokoni huko nitajikuta namtafuta kwa macho, na hiyo si haki kwake. Wewe ni mshauri aliyesajiliwa chini ya sheria ya washauri na wanasaikolojia ya 2014, na sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti. Mimi ni mama yako. Mwenye haki ya kusikia undani huo ni msimamizi wako.

Mkikutana kwenye matatu au foleni ya supamaketi, mwache akusalimie kwanza. Asipokusalimia, pita. Lakini mwambie mapema kwamba ndivyo utakavyofanya, asije akadhani umemdharau.

Sasa namna ya kumwambia. Sema mwanzoni mwa kikao, msingoje dakika za mwisho ameshashika mkoba. Ningesema hivi: "Mama, umeniheshimu sana kuniita kwenye sherehe ya binti yako. Sitakuja, na nimetoka kwenye grupu. Nataka hapa pabaki mahali ambapo hunidai na mimi sikudai, useme lolote, hata baya juu yangu." Kisha nyamaza. Akilia, alie. Akikasirika, usikimbilie kumtuliza kwa kumwongezea saa za simu.

Kuhusu usiku, usimwachie pengo. Kubalianeni saa unazojibu, na muandike pamoja kwenye karatasi atakwenda wapi giza likimzidi: ndugu aliyemchagua mwenyewe, simu ya Befrienders Kenya, shirika linalowasikiliza waliokata tamaa, hospitali iliyo karibu yenye huduma ya dharura. Na aelewe kwamba akisema anataka kufa, siri hiyo hutaibeba peke yako. Utamtafutia msaada mara moja. Kama hukumwambia hivyo siku ya kwanza, mwambie sasa.

Unaniambia mna kikao Ijumaa. Mpigie msimamizi wako leo, umwombe nafasi kabla ya siku hiyo, na umsomee ujumbe wa usiku wote, pamoja na majibu yako.

Mama yako