Maswali yenu kuhusu Sherlock Holmes wa kwenye TV

Wiki iliyopita niliandika kwamba Holmes wa Granada, ile kampuni ya TV ya Uingereza, ndiye anayefuata vitabu vya upelelezi vya Arthur Conan Doyle kuliko wote niliowahi kuwaona, basi meseji zikamiminika. Nimechukua chache.

Shikamoo dada, mi niko Nkuhungu, nategemea bando la usiku, na za Holmes ziko kibao. Nianze na ipi?

Marahaba mdogo wangu. Tafuta ya Jeremy Brett, ndiye huyo Holmes wa Granada, ilianza 1984 ikaisha 1994, vipindi 41, vingi ni vya lisaa limoja kwa hiyo bando linatosha. Anza na cha kwanza kabisa, A Scandal in Bohemia. Holmes anataka kujua mwanamke mmoja, Irene Adler, kaficha wapi picha, anachofanya anapanga watu wapige kelele za moto, maana mtu akisikia nyumba inaungua anakimbilia kile anachokipenda zaidi. Usiangalie huku unachati.

Unaposema inafuata kitabu, ina maana wamekopi neno kwa neno?

Hapana, na hapa ndo watu wengi wanachanganya. Maneno yanapunguzwa, lazima, ila kitu ambacho hakitakiwi kuguswa ni mpangilio wa ushahidi, yaani msomaji alijua nini na alikijua saa ngapi. Chukua Silver Blaze, farasi kaibiwa usiku, kijana wa zizini amelala fofofo kwa sababu chakula chake kilitiwa afyuni, na siku hiyo kulipikwa mchuzi wa kondoo wenye bizari kali ambayo inaficha ile ladha. Sasa jiulize, mtu wa kupita tu angejuaje kama usiku huo kwenye nyumba ya watu kunapikwa bizari? Halafu mbwa alikuwepo na hakubweka. Mchuzi unauona, mbwa unasikia habari zake, vyote viko mbele yako kama vilivyo mbele ya Holmes na bado unapitwa! Dairekta akikuonyesha sura ya mwizi dakika ya kumi ili kukutisha ameshakuibia hadithi yako, hata kama nguo na mabehewa ya farasi ni ya zama zile zile. Wale wa Granada walikaa wakaandika faili la kurasa 77 la tabia za Holmes na rafiki yake Watson kutoka vitabuni, anavaaje, anakula nini, na sehemu nyingine wakapanga waigizaji wakae kama kwenye michoro ya Sidney Paget iliyotoka na hadithi zenyewe gazetini. Hiyo kazi naiheshimu sana.

Mbona Watson alibadilika katikati?

David Burke alicheza vipindi 13 vya mwanzo, kuanzia 1986 akaingia Edward Hardwicke. Wote wazuri, na wote wamemcheza Watson kama daktari mwenye akili zake, sio bwege wa kuchekwa.

Mimi ni mstaafu hapa Kikuyu, nimezipenda. Je, walimaliza hadithi zote?

Hawakumaliza mzee wangu. Hadithi ziko 60, Brett aliugua na akafariki 1995 akiwa na miaka 61. Na nisikufiche, zile ndefu za 1993 kama The Last Vampyre wameongeza mambo mengi ya kwao, mimi ziliniuma kwa sababu walioziharibu ndio hao hao waliotufundisha uaminifu. Ukifika hapo rudi kwenye kitabu.

Hivi kile kimsemo cha "Elementary, my dear Watson" kiko kitabu gani?

Hakipo hata kimoja.

Nafundisha Kiswahili Kongwa. Kwetu nani wa vitabuni anastahili kuigizwa kwa uaminifu hivyo?

Mwalimu, Bwana Msa! Muhammed Said Abdulla katoa Mzimu wa Watu wa Kale 1960, baadaye Kisima cha Giningi, na yule mpelelezi na kiko chake ni ndugu kabisa wa Holmes ila wa Unguja. Ningependa waigize kule kule Unguja, Kiswahili cha kitabuni kiachwe hivyo hivyo kisigeuzwe cha mjini Dar, na tafadhali Najum, yule mwenzake Bwana Msa, asikatwe ili kupunguza gharama. Najum anaona kila anachokiona Bwana Msa na bado haelewi, na sisi tumekaa upande wa Najum, tukimkosa huyo hatuna pa kukaa.