Nikirestati MariaDB, saiti za wateja zinakata

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina seva moja ya Debian, nimeweka saiti za wateja kadhaa, kila mmoja nimemfungia kwenye chroot yake (folda ambalo programu inaliona kama ndo diski nzima) ya PHP-FPM, ile programu inayoendesha kodi ya PHP, ili mmoja akihakiwa asiwafikie wenzake. Databesi ni MariaDB moja tu, iko nje, wote wanaitumia. Nilijaribu simlinki (njia ya mkato) ya soketi, lile faili ambalo programu zinapitia kuongea na databesi, ikagoma, nikamaunti faili hilo la mysqld.sock kwa bind (yaani lionekane na sehemu ya pili) ndani ya kila chroot ikakubali vizuri tu, ila kila nikirestati MariaDB saiti zote zinaleta erora 2002 (imeshindwa kuunganisha na databesi) mpaka nimaunti upya. Shida nini? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Umemaunti faili badala ya folda, basi. MariaDB ikizima inalifuta lile faili la soketi na ikiwaka inatengeneza jingine, jina lilelile lakini kwa kernel (kiini cha Linux) ni kitu kipya kabisa, sasa chroot zako zinabaki zimeng'ang'ania la zamani ambalo upande wa pili hakuna anayesikiliza. Angalia mwisho wa erora, nadhani utakuta (111), yaani muunganisho umekataliwa. Ile simlinki bila shaka ilikupa (2), yaani faili halipo, maana njia yake inasomwa kuanzia ndani ya chroot. Ukikutana na (13) hiyo ni ruhusa.

Tengeneza folda la soketi peke yake, tuseme /srv/soketi, mwenyewe awe mysql, halafu kwenye konfigi weka socket=/srv/soketi/mysqld.sock, kwa seva na kwa klaienti (programu inayounganisha na databesi) pia. Usiliweke /home, mara nyingi huduma ya MariaDB imezuiwa isione huko. Kisha:

mount --bind /srv/soketi /srv/mteja1/run/mysqld
mount -o remount,bind,ro /srv/mteja1/run/mysqld

Hiyo ro (kusoma tu) haizuii kuunganisha, inazuia tu mteja kufuta soketi ya watu. Iingize kwenye fstab (orodha ya vitu vya kumaunti seva ikiwaka), na kwenye PHP elekeza mysqli.default_socket na pdo_mysql.default_socket kwa njia inavyoonekana ukiwa ndani, yaani /run/mysqld/mysqld.sock.

Kama hutaki mambo ya kumaunti tumia 127.0.0.1 poti 3306, chroot haigusi netiweki. Ila andika namba, ukiandika localhost klaienti inarudi kutafuta soketi. Na ukihamia Docker, inayofungia programu kwenye kontena, hii haitafanya kazi kwa netiweki yake ya kawaida, huko 127.0.0.1 ni kontena lenyewe.

Kingine, na hiki ndo cha kuogopa kuliko hizo erora: tangu MariaDB 10.4 root wa databesi anaingia kwa soketi bila paswedi, seva inaangalia UID (namba ya mtumiaji kwenye Linux) tu. Kwa hiyo prosesi yoyote yenye UID 0, yaani root wa Linux, hata imefungiwa kwenye chroot, ukishaipa soketi umeipa databesi za wateja wote. Hakikisha kila puli ya PHP-FPM (kundi la prosesi za saiti moja) ina mtumiaji wake wa kawaida, asiwe root wala mysql, na kila mteja awe na akaunti yake inayoona databesi yake tu.