Tamthilia ya bibi ilienda wapi?

SWALI: Shikamoo Anti. Mi niko Ohio huku Marekani, namtunza bibi wa miaka 88. Saa tano asubuhi ikianza The Price Is Right, ile gemu ya TV ya kukisia bei za vitu upate zawadi, ananiambia punguza sauti, ila saa sita na nusu ikiingia tamthilia ya The Young and the Restless anasogeza kiti mpaka karibu aguse TV na chakula hataki hadi iishe. Kuna nyingine, Guiding Light, akiitaja machozi yanamlenga, anasema waliitoa wakaweka gemu. Kwani gemu ndo zinapendwa zaidi? – Mlezi, Ohio

JIBU: Marahaba mwanangu. Bibi anasema kweli kabisa. Guiding Light ilianza redioni 1937, ikaingia kwenye TV 1952, kituo cha TV cha CBS wakaizima Septemba 2009, miaka 72 hiyo jamani, na Oktoba nafasi yake wakaipa gemu ya Let's Make a Deal.

Ila si kupendwa tu, ni hela. Tamthilia inataka waigizaji kibao, waandishi, seti za nyumba na hospitali, na hadithi mpya kila siku ya kazi, wakati gemu ina mtangazaji mmoja na studio moja na wanarekodi vipindi kadhaa kwa siku, kwa hiyo watazamaji wakipungua gemu bado inalipa, tamthilia inazama. Na walipungua kweli, kina mama wakaenda kazini, TV ya kebo ikaleta chaneli chungu nzima. Hebu fikiria, 1981 harusi ya Luke na Laura, wahusika wa tamthilia ya General Hospital, iliangaliwa na watu kama milioni 30, tena mchana wa siku ya kazi!

Halafu gemu unaingia siku yoyote na unaelewa. Tamthilia ukiikosa mwezi unakuta aliyezikwa kafufuka na ndoa zimebadilika, unakata tamaa, na mgeni ndo hajui hata aanzie wapi. Mi inaniuma, maana bibi yako hakupoteza kipindi, alipoteza familia aliyokaa nayo tangu ujana wake.

Sasa mpe habari njema: Februari 2025 CBS haohao walianzisha tamthilia mpya, Beyond the Gates, ya familia tajiri ya Wamarekani weusi huko Maryland. Inaanza saa nane mchana kwa saa za huko kwenu, kwa hiyo chakula mpe kabla.