Kongosho ni ya mfumo upi?

Ndugu, umeeleza kwamba kitabu kimoja cha mwanao kinaiweka kongosho katika mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, kingine kinaiweka katika mfumo wa homoni, nawe unataka kujua kipi kimekosea. Hakuna kilichokosea. Nimefundisha baiolojia kwa miaka mingi, na jambo hili ndilo lililonilazimu kubadili namna ninavyofundisha mada nzima ya ogani, yaani viungo kama moyo na figo, kwa hiyo niruhusu nijibu kwa kirefu.

Utata unaanzia kwenye ule mpangilio tunaowakaririsha wanafunzi: seli huunda tishu, tishu huunda ogani, ogani huunda mfumo, na mifumo huunda kiumbe kamili. Mpangilio ni sahihi, ila mwanafunzi huondoka akiamini kwamba kila ogani ina mfumo wake mmoja tu, kama mtu na kabila la baba yake. Mimi mwenyewe niliwahi kumnyima alama mwanafunzi aliyeandika kwamba figo huhusika na utengenezaji wa damu, kwa sababu katika mwongozo wangu wa kusahihishia figo ilikuwa chini ya utoaji takamwili, basi. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa sahihi: oksijeni inapopungua katika damu, figo hutoa homoni iitwayo erithropoietini, ambayo huuchochea uboho wa mifupa uzalishe chembe nyekundu kwa wingi zaidi. Nilimrudishia alama zake mbele ya darasa, na tangu siku hiyo mwongozo ule sijautumia tena.

Tuje kwenye kongosho. Ni tezi laini, ndefu kiasi, iliyolala nyuma ya mfuko wa tumbo, kichwa chake kikiwa kimezungukwa na duodeni, yaani sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Sehemu kubwa ya seli zake hutengeneza vimeng'enya vya wanga, protini na mafuta, ambavyo hupita kwenye mrija hadi duodeni na kukutana na chakula. Katikati ya seli hizo kuna vikundi vidogo vilivyotawanyika kama visiwa, ambavyo Paul Langerhans alivieleza mwaka 1869 bila kujua kazi yake. Mwaka 1889 Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimwondolea mbwa kongosho, mbwa akapata kisukari, na hapo ikadhihirika kwamba ogani hiyo inafanya jambo jingine mbali na kumeng'enya chakula. Leo tunajua kwamba visiwa hivyo hutoa insulini, ambayo hushusha sukari katika damu, na glukagoni, ambayo huipandisha. Homoni hizo hazipiti mrijani hata kidogo. Huingia moja kwa moja kwenye damu.

Kwamba ogani haifungwi ndani ya mfumo mmoja, nililiona vizuri zaidi siku tulipopasua figo ya kondoo maabara. Ukiikata kwa urefu, unaona gamba la nje lenye rangi iliyokolea, ndani yake sehemu yenye michirizi inayoelekea katikati, kisha uwazi mweupe unaoukusanya mkojo na kuupeleka kwenye ureta, mrija unaoelekea kwenye kibofu. Mwanafunzi mmoja alichomeka kijiti kwenye ateri, akashangaa ni pana kiasi gani kwa kiungo kinachoenea kiganjani. Mshangao wake ulikuwa na msingi, kwa kuwa figo za binadamu mzima, ambazo kila moja ina nefroni, yaani vichujio vidogo sana, zipatazo milioni 1, huchuja takribani lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kwa siku, na karibu yote hurudishwa mwilini, ikabaki lita 1 hadi 2 hivi ya mkojo. Mtu aliyekwisha kuishika figo namna hiyo hawezi tena kuitenganisha na mzunguko wa damu.

Mimea nayo ina ogani: mzizi, shina, jani. Jani lina tishu ya nje inayolinda, tishu ya kati inayotengeneza chakula, na mishipa ya zailemu na floemu inayosafirisha maji na chakula, na kwa kuwa tishu hizo zimeungana kwa kazi moja, jani ni ogani kamili kama ulivyo moyo.

Kwa hiyo mwambie mwanao kwamba ogani hutambulika kwa tishu zinazoiunda, ilhali mfumo hutambulika kwa kazi, na ogani yenye kazi mbili huhesabiwa katika mifumo miwili. Katika mtihani asome swali linauliza kazi ipi. Kwa upande wa tezi, ninawashauri wanafunzi wangu wafuate kile kinachotoka: kikipita mrijani, wako kwenye kazi moja, kikiingia kwenye damu, wako kwenye nyingine. Baada ya kongosho mjaribu kwa korodani, ambayo mbegu zake hupita kwenye mirija na testosteroni yake huingia kwenye damu, kisha mwachie ini alieleze mwenyewe.