Mtoto wa shuga glaida aliyekataliwa na mama: joto kwanza, maziwa baadaye

Swali: Shikamoo daktari. Shuga glaida wangu, yule mnyama mdogo mwenye mfuko anayeruka kwa kuelea toka mti hadi mti, amezaa kwa mara ya kwanza. Mtoto ametoka mfukoni siku nne zilizopita, ana manyoya mepesi, macho bado yamefumba, na kwenye mizani ana gramu 12. Mama amemtupa nje ya kiota mara mbili, na mara ya pili alimng'ata sikio. Tangu jana jioni nampa maziwa ya ng'ombe kwa bomba la sindano. Sasa anaharisha na amelegea. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba. Acha maziwa ya ng'ombe sasa hivi, na usimrudishe tena kwa mama yake, maana akishang'ata anaweza kuua.

Kisha mguse miguu na masikio. Yakiwa ya baridi, usimlishe kitu chochote kwanza. Kwa umri huo hawezi kujipasha joto mwenyewe. Mfuko wa mama ndio uliokuwa ukimfanyia kazi hiyo. Akiwa baridi tumbo nalo husimama, na utakachompa kitakaa humo bila kusagika. Mshonee kifuko cha kitambaa laini kisicho na nyuzi za kunasa kucha, umweke humo, kisha kifuko ukiegemeze kwenye chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo. Lenga nyuzijoto 30 hivi za Selsiasi, na upime kwa kipimajoto, kwa sababu mkono hudanganya. Mpashe polepole.

Akishapata joto, mpe ORS ya vuguvugu iliyochanganywa kama pakiti inavyoelekeza, ili kurudisha maji aliyoyapoteza. Vuta taratibu ngozi ya katikati ya mabega: ikichelewa kurudi, amekaukiwa sana na anahitaji daktari leo hii, si kesho.

Wanyama wenye mfuko, kuanzia kangaruu hadi huyu wako, hawaimudu laktosi, yaani sukari ya maziwa, iliyo nyingi kwenye maziwa ya ng'ombe. Huchacha tumboni, ndiyo maana anaharisha, na wakinywa kwa muda wengine hupata mtoto wa jicho. Tafuta maziwa ya unga ya wanyama wenye mfuko. Ukiyakosa, mwombe daktari akuchagulie yasiyo na laktosi.

Kiasi chake kitakushangaza kwa udogo. Kwa siku nzima anahitaji kama asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, yaani mililita 2 hivi. Ukimlisha kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, kila mlo ni matone matatu au manne tu. Najua inachosha, lakini hakuna njia ya mkato.

Namna ya kumnywesha ndipo watoto wengi hufia. Mlaze kifudifudi kiganjani, kichwa kimeinuka kidogo. Usimlaze chali kama mtoto wa binadamu. Weka tone moja mdomoni, pembeni, usubiri alirambe. Ulimi wake ni mwembamba mno, lakini utauona ukitoka. Usisukume bomba. Maziwa yakitokea puani, acha, mwinamishe kichwa, mfute. Baadaye ukisikia pumzi yake ikitoa mlio wa kukwaruza, huenda yameingia mapafuni.

Kila baada ya mlo, mpapase sehemu ya haja kwa pamba yenye maji ya vuguvugu mpaka akojoe. Peke yake bado hawezi. Mpime kila siku saa ileile uandike gramu. Uzito ukishuka siku mbili mfululizo, usingoje.

Macho yatafumbuka siku chache zijazo, na wiki ya tatu au ya nne tangu atoke mfukoni ataanza kuonja chakula laini. Tutaongea habari za kalsiamu hapo, kwani ikipungua miguu ya nyuma hupooza. Kwa sasa lile sikio lioneshe kwa daktari wakati uleule wa kuangaliwa kuharisha: jeraha la meno kwa mwili wa gramu 12 halivumilii kusubiri.